Kipimo kinasema sifuri, mwani unazidi kuota

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Ilazo, Dodoma. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 240, lina miezi saba, na ndani yake kuna samaki wanne wadogo na matumbawe laini niliyonunua kwa mfugaji wa Dar es Salaam. Mwanzoni lilivaa vumbi la kahawia, likapotea lenyewe. Sasa mawe yote yameota nyuzi za kijani ndefu kama kidole, na mchangani kuna utando mwekundu uliokolea. Nilizima taa siku tatu, vikapungua, kisha vikarudi. Nabadilisha maji mara mbili kwa wiki kwa maji ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo, na kila jioni naongeza kama lita nne kufidia yanayokauka. Chakula ni dagaa wa kusaga. Cha ajabu, nikipima nitrati na fosfati napata sifuri. Muuzaji ameniambia niweke vidonge vya erithromaisini. Niweke?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Vidonge usiweke. Nimeziangalia picha zako tatu na kusoma maelezo yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi si zile nyuzi. Ni hiyo sifuri, ikiwa imekaa jirani na zile lita nne za kila jioni. Ugonjwa wa tangi lako uko hapo.

Tuanze na kuwatambua wageni wenyewe. Wafugaji wengi huita kila kinachoota "mwani", halafu wanatumia dawa moja kwa viumbe ambao hata undugu hawana. Kwako kuna aina mbili, na ya tatu imeshaondoka.

Ile ya tatu ni vumbi la kahawia la mwanzoni. Hao ni diatomu, viumbe wa seli moja wanaojijengea ganda la silika, yaani malighafi ileile ya kioo. Kwetu Dodoma hawakosi riziki. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima vya Makutupora, na yamekaa ndani ya itale iliyochakaa na kupasuka, jamii ileile ya miamba unayoiona imechomoza juu ya vilima vyetu. Maji yanayopenya itale hutoka na silika. Diatomu hutangulia karibu katika kila tangi jipya, kisha wengine huwapokonya nafasi. Hao hawakuwa tatizo.

Sasa nyuzi za kijani. Vuta kishungi kimoja, kiweke kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo ya tangi, ukitazame kwa lensi ya kukuzia karibu na dirisha. Kama kila uzi ni mwembamba, mtupu, hauna matawi au una machache sana, na ukiuvuta unakatika upesi, huo ni mwani wa nywele. Kama kila uzi una vijiti vilivyopangana pande mbili, mfano wa unyoya wa kuku au kuti la mnazi, huo ni Bryopsis, mwani wa aina nyingine, na safari yake ni ndefu zaidi. Kwenye picha yako ya kwanza nyuzi zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, wala sioni unyoya. Naamini ni mwani wa nywele, ila fanya hilo zoezi la sahani kabla hujaniamini.

Utando mwekundu uguse kwa ncha ya kidole. Ukinyanyuka kama ganda la juu ya maziwa yaliyochemshwa, ukiwa na viputo vya hewa chini yake na harufu ya tope, basi huo si mwani kabisa. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, sainobakteria. Ni ukoo wa kale mno. Wahenga wao ndio waliojaza oksijeni katika anga ya dunia kabla mimea haijakuwepo. Nakwambia hili ili usije ukamdharau: kiumbe aliyeishi miaka hiyo yote hafi kwa kuzimiwa taa siku tatu. Anapenda pembe ambako maji hayatembei na uchafu unatua. Tazama picha yako ya pili: utando umekaa nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao pampu haifiki.

Kuna na rangi ya zambarau iliyoanza kupaka kioo cha nyuma kama chokaa. Hiyo usiisugue. Ni mwani mgumu wa chokaa, rafiki wa matumbawe, na kila jiwe unalomwachia ni jiwe ambalo nyuzi zitapata tabu kulishika.

Turudi kwenye sifuri. Kipimo chako hakidanganyi, ila kinakuonyesha kilichobaki mezani baada ya watu kula. Nitrati na fosfati zinaingia tangini kila siku, na mwani uliojaa mawe yote unazifyonza kabla hujatumbukiza kichupa cha kupimia. Chakula chote kimo ndani ya zile nyuzi. Ndiyo maana ninaposikia "sifuri" kwenye tangi lililoota nywele sifurahi, natafuta mlango ambao chakula kinaingilia. Kwako milango ni miwili: ndoo na dagaa.

Fanya hivi leo jioni. Chukua kipimo chako cha nitrati, pima maji ya ndoo kabla hujatia chumvi. Visima vya Dodoma vinafahamika tangu zamani kwa madini mengi, na baadhi vina nitrati nyingi hasa, kwa hiyo maji ya mtaa mmoja yanaweza kutofautiana na ya mtaa mwingine. Kumbuka pia kwamba Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 50 za nitrati kwa lita katika maji ya kunywa. Maji yanaweza kuwa salama kabisa kwako na kwa watoto, lakini kwa tangi la matumbawe, linalotaka miligramu 2 hadi 10 tu, yakawa mbolea. Kuyalaza kwenye ndoo kunasaidia klorini itoke. Nitrati, fosfati na silika hazitoki hata ukiyalaza mwezi mzima.

Tuseme umepima ukapata miligramu 20 kwa lita. Kila jioni unamimina lita nne, yaani miligramu 80 za nitrati. Zigawe kwa lita 240, unapata theluthi moja ya miligramu kwa kila lita ya tangi kwa siku moja. Kwa mwezi ni miligramu 10. Na hakuna kinachotoka, kwa sababu kinachopaa ni maji matupu. Chumvi, nitrati, silika, kila kitu kinabaki chini, kama magadi yanavyobaki kwenye sufuria iliyokaukia jikoni. Mfugaji wa Dar, ambako hewa ina unyevu, huongeza maji kidogo kuliko sisi. Huku kwetu, tangu mvua zinapokatika hadi zinaporudi mwishoni mwa mwaka, upepo mkavu unalinywa tangi usiku na mchana, na kila tone tunalofidia linakuja na mzigo wake.

Kisha juu ya hapo unabadilisha maji mara mbili kwa wiki, kwa maji hayohayo. Umefanya hivyo kwa bidii na kwa mapenzi, na naumia kukwambia kwamba kila ulipolisafisha ulikuwa unalilisha.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji. Unahitaji mashine ndogo ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba, ikifuatiwa na mrija wa resini unaonyonya kilichobaki. Bila resini, silika na nitrati kiasi hupita. Hesabu yako si kubwa: lita 28 kwa wiki za kufidia, na lita 24 za kubadilisha asilimia kumi mara moja kwa wiki. Jumla lita 52. Mashine ndogo kabisa ya nyumbani inaziweza, ila kama maji yako yanashuka kwenye simtanki, presha haitatosha, nunua na kipampu chake cha kusukumia. Nunua pia kikalamu cha kupimia TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka majini. Maji yanayotoka kwenye resini yasome 0. Yakianza kusoma 2 au 3, resini imechoka, badilisha. Maji yanayotupwa na mashine ni mengi, lita tatu au nne kwa kila lita moja nzuri, na katika mji huu kuyamwaga ni dhambi. Yadekie nyumba, yafulie, umwagilie mchicha. Nitrati inayokutesa tangini, mchicha unaitaka.

Utaulizwa kwa nini usitumie njia za mkato, nami nimeziona zote. Maji ya chupa yana madini, mengine huongezwa makusudi. Maji ya mvua yakipita kwenye mabati huja na zinki, na konokono na matumbawe hawaivumilii zinki hata kidogo. "Maji ya betri" usiyaguse: kwa jina hilohilo utauziwa maji yaliyochujwa au tindikali, kutegemea nani yuko dukani. Na madumu ya maji ya bahari yanayopanda basi kutoka pwani hujui yalichotwa wapi. Yakichotwa karibu na mdomo wa mto unaopita mjini, umenunua uchafu kwa nauli.

Mlango wa pili ni dagaa. Dagaa wa kukausha ni chakula kizuri cha binadamu, lakini ukimsaga na kichwa, mifupa na utumbo, umesaga fosfati, kwa sababu mfupa ni fosfati ya chokaa. Ule unga mwepesi unaoelea ukayeyuka kabla samaki hajafunua mdomo ndio unaowalisha wageni wako. Samaki wanne wadogo hawahitaji zaidi ya kinachoisha ndani ya dakika moja au mbili, mara moja kwa siku. Ukipata vyakula vya kugandishwa, viyeyushe kwenye chujio la chai, umwage maji yake, uwape nyama tu. Ukibaki na dagaa, toa vichwa na matumbo, loweka, suuza, katakata kwa kisu badala ya kusaga.

Ukishafunga milango hiyo miwili, ndipo utie mkono. Subiri siku ya kubadilisha maji. Shika mpira wa kunyonyea maji kwa mkono wa kushoto, mdomo wake ukae sentimita mbili kutoka kwenye jiwe, na kwa mkono wa kulia zungusha nyuzi kwenye mswaki mgumu kama unavyozungusha tambi kwenye uma, halafu vuta. Vinavyokatika vinywewe na mpira papo hapo. Ukivuta bila mpira, vipande vinasambaa na kila kimoja kinaweza kuanza maisha mapya kwenye jiwe jingine. Mawe yasiyo na matumbawe yatoe, yasugue ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Usiyaoshe kwa maji ya bomba, utaua bakteria wema waliomo kwenye matundu yake. Sehemu zenye nyuzi sugu unaweza kuzipaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, jiwe likiwa nje ya maji, subiri dakika mbili au tatu, suuza kwa maji ya tangi, rudisha. Usifanye mawe yote siku moja. Theluthi kila wiki inatosha.

Utando mwekundu unyonye wote kwa mpira huohuo, kila unapouona. Kisha geuza pampu, au ongeza ndogo ya pili, ielekee nyuma ya lile jiwe kubwa. Ukiona chembe za uchafu hazitui tena pale, umeshinda nusu ya vita na sainobakteria. Umeme ukikatika pampu zinasimama, na kwenye maji yaliyosimama usiku kucha hao hustawi na samaki hukosa pumzi. Kipampu cha hewa cha betri ni cha lazima kwa anayefuga bahari mbali na bahari. Taa ziwake saa saba kwa siku mpaka mambo yatulie, rangi nyeupe uipunguze, ya buluu iachie. Pazia la dirisha la magharibi lifungwe mchana. Kwenye picha ya tatu naona jua limepiga kioo.

Sasa wasaidizi. Kwa lita 240 ningeanza na konokono wanane hadi kumi wa kula mwani, Turbo na Trochus, ambao ni hodari wa nyuzi fupi. Nyuzi ndefu kama kidole hawazigusi sana, ndiyo maana mswaki unatangulia. Watu watakushauri uweke samaki aina ya tasi au kangaja. Ni kweli wanakula mwani: waulize akina mama wa Paje na Jambiani, wanaolima mwani baharini tangu 1989, tasi anavyowamalizia mwani kwenye kamba zao. Lakini tasi hukua mkubwa na miiba yake ina sumu, na kangaja anahitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi lako halina. Usimfunge. Na usimtume mtu akuokotee mawe au matumbawe ufukweni. Matumbawe yanalindwa kisheria, yale magumu yamo hata kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, na miamba yetu imeshaumizwa vya kutosha na baruti na joto. Endelea kununua kwa wafugaji wanaokata vipande kutoka kwa tumbawe mama walilonalo.

Kitu ninachokiamini kuliko dawa yoyote ni kuupa mwani shamba lake. Kama una chumba cha chini cha kuchujia, tia humo kitita cha Chaetomorpha, mwani mgumu wa nyuzi zilizosokotana kama stiliwaya ya kusugulia masufuria, uuwashie taa yake usiku, taa kubwa zikizimwa. Unakula chakula kilekile ambacho nywele zingekula. Kila wiki mbili vuna nusu uitoe nje. Hapo ndipo nitrati na fosfati zinatoka kweli ndani ya nyumba yako, zikiwa mkononi mwako, mbichi, zinadondosha maji.

Kuhusu erithromaisini. Ni dawa ya kuua bakteria, kwa hiyo utando mwekundu ungepungua, nami sitabisha. Nywele zisingestuka, kwa sababu si bakteria. Ungehatarisha bakteria wanaosafisha kinyesi cha samaki, na maji yenye dawa ungeyamwaga kwenye mtaro wa mtaa. Tunalia kila siku kwamba vijidudu vinazoea dawa za binadamu. Siwezi kukubali tuzimwage kwa sababu ya utando ambao mpira unaunyonya kwa dakika kumi. Kama zoezi la sahani litaonyesha unyoya, yaani Bryopsis, hapo ipo dawa ya fangasi, flukonazoli, ambayo wafugaji huitumia kwa kama miligramu 5 kwa lita ya maji, mkaa wa kuchujia ukiwa umetolewa. Hiyo ningekusimamia hatua kwa hatua. Usianze peke yako.

Usitegemee ushindi wa wiki moja. Mawe ya chokaa hunyonya fosfati miezi ambayo ni nyingi majini, kisha huitema polepole ikipungua majini. Ningekadiria wiki nane hadi kumi. Na kuna siku, labda wiki ya nne, utapima nitrati ukute 5, fosfati 0.05, ushtuke. Usishtuke. Walaji wamepungua, chakula kimeanza kuonekana mezani. Nitrati kati ya 2 na 10, fosfati kati ya 0.03 na 0.1, ndipo matumbawe yako yanapotaka kuishi.

Nalisisitiza hilo kwa sababu nililipia. Nilipokuwa bado Tanga nilikuwa na tangi lililoota nywele kama lako, nikaona haya wageni wanapolitazama. Nikatia chembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfati, kipimo cha siku saba nikakitia chote kwa siku moja. Wiki haikuisha, fosfati ilikuwa sifuri ya kweli. Nywele zikafa, nikafurahi. Kisha matumbawe yakapauka, na ndani ya mwezi mmoja mchanga ukafunikwa na makamasi ya kahawia yenye viputo kwenye ncha. Asubuhi moja nikawakuta konokono wangu wote wamelala chali. Yale makamasi yalikuwa dinoflajelati, viumbe wa seli moja, na baadhi yao wana sumu. Hao huja tangi linapokuwa tupu, wenzao wote wameshindwa kwa njaa, na tiba yake ni kinyume cha yote niliyokuandikia: kuacha kubadilisha maji, na kurudisha nitrati na fosfati kidogo kidogo.

Ndiyo maana nataka uwajue kabla hawajaja. Ukiona makamasi ya kahawia yanayopotea taa zikizimwa na kurudi kufikia mchana, nyonya kidogo kwa bomba la sindano, tia kwenye chupa ndogo yenye kifuniko, tikisa kwa nguvu mpaka maji yawe kama chai. Chuja kwa karatasi ya kahawa au kitambaa kizito cheupe, iweke ile chai chini ya taa, usiiguse kwa saa moja. Ikibaki chai, au uchafu ukatua tu chini, endelea na mpango wetu. Ikianza kujishika tena, ikajisokota kuwa nyuzi mbele ya macho yako, simamisha kila kitu, usibadilishe maji, uniandikie siku hiyohiyo ukiwa na namba mbili: nitrati na fosfati, zilizopimwa asubuhi kabla taa hazijawaka.